Chane Hupokewa Kabla Haijaisha

Kuna sekunde 40 katika filamu moja ya wanafunzi ambazo nimezitazama mara nyingi kuliko kazi za waongozaji wakubwa ninaowaheshimu. Hazina neno hata moja. Kuna mikono ya bibi mtu mzima, kuna ukili wa mkeka unaomshukia mapajani, na kuna sauti. Chane ya jani la mkindu inapita juu, inapita chini, inavutwa, na kila inapovutwa inatoa mlio mdogo kama karatasi inayokunjuliwa chumba cha pili. Kisha chane moja inakaribia kwisha. Mikono haisiti. Kidole gumba kinaibana, vidole vya mkono wa pili vinachukua chane mpya kutoka kwenye fungu lililonyunyiziwa maji, vinailaza juu ya ile ya zamani ikiwa bado na urefu wa kidole, na hizo mbili zinakwenda pamoja mapito mawili matatu. Ya zamani inaishia ndani, mpya inaendelea na safari. Ukirudisha picha nyuma ukatafuta mahali zilipoungana, hupaoni.

Nilikuwa mlezi wa kundi lililotengeneza filamu hiyo. Kazi yangu ya kila siku ni kuhariri picha, na chuo kimoja cha mjini Unguja kiliniomba nikae na wanafunzi wake muhula mmoja, nitazame, nijibu wanapouliza. Nimetazama sana. Ninachotaka kueleza hapa ni kile nilichokiona nyuma ya sekunde hizo 40, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila ninachokijua kuhusu ufundi huu na kuhusu watu kufanya kazi pamoja.

Walikuwa sita. Walipewa kamera moja, maiki mbili, kompyuta moja ya kuhariria, na agizo la kutengeneza filamu ya dakika 12 kuhusu kazi ya mikono. Siku ya kwanza waligawana majukumu ubaoni: mwongozaji, mtafiti ambaye pia angehoji, mpiga picha, mrekodi sauti, mhariri na mratibu. Wakapiga mstari kati ya jina na jina. Mgawanyo ulikuwa safi kama mkate uliokatwa kwa kisu: kipande hiki changu, kile chako. Niliunyamazia, kwa kuwa kila kundi huanzia hapo, na kazi yenyewe ni mwalimu mzuri kuliko mimi.

Fani ya filamu za namna hii si changa. Mwaka 1922 Robert Flaherty alionyesha Nanook of the North, filamu kuhusu familia ya Wainuiti kaskazini mwa Kanada. Mwaka 1926 John Grierson, Mskoti, akiandika katika gazeti la New York kuhusu filamu nyingine ya Flaherty iliyopigwa Samoa, alitumia neno la Kiingereza, documentary, lililokuja kuwa jina la fani nzima. Neno lile lina harufu ya hati na majalada. Sisi tunasema filamu ya hali halisi, na naona jina letu linadai zaidi. Hati unaweza kuipata kwa siku moja ukiiomba vizuri. Hali ya mtu huijui kwa kupita njiani. Ndiyo maana watu wetu wakikutana huanza kwa kujuliana hali, na kujuliana hali kwa kweli hakuna haraka: ya kwako, ya nyumbani, ya watoto, ya shamba, ya mgonjwa uliyemwacha kitandani.

Kabla hawajagusa kamera niliwaonyesha These Hands, filamu ya Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling ya mwaka 1992. Inawaonyesha wanawake wanaoponda mawe kwa mikono yao kwenye machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam. Hakuna msimulizi wa kukuambia ufikiri nini. Kuna jua, kuna vumbi, kuna mlio wa nyundo juu ya jiwe. Mwanzoni wanafunzi walijigeuzageuza vitini. Baada ya muda chumba kikatulia, na filamu ilipokwisha binti wa sauti alisema jambo moja: "Kumbe zile nyundo hazifanani." Alikuwa amesikia kila mama na mapigo yake. Nikajua kundi hili lina sikio.

Safari ya kwanza kijijini haikuwa na kamera. Mratibu alikuwa ameshakwenda kwa sheha na barua ya chuo. Mtafiti alikuwa ameshazungumza na mabibi watatu wanaosuka mikeka, na mmoja wao, aliyepita miaka 70, alikubali kupokea wageni. Kijiji hicho hakiko mbali na Makunduchi, ambako kila Julai watu hufurika na kamera zao kwa ajili ya Mwaka Kogwa. Bibi alikuwa ameona kamera nyingi maishani mwake. Hakuna hata moja iliyowahi kuketi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Karibuni, kaeni kitako."

Wakakaa kitako, na kabla ya chai kupoa kila mmoja alikuwa na fungu la ukindu mbele yake. Majani machanga ya mkindu hukatwa, huanikwa juani mpaka yakawa meupe, kisha huchanwa kuwa chane za upana mmoja. Nyingine huchemshwa na rangi sufuriani. Chane husukwa kuwa ukili, ukili hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na mwisho hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mkeka. Ukikosea upana wa chane mwanzoni, kosa linatembea nawe mpaka siku mkeka unapotandikwa. Bibi alizikagua chane za mwongozaji, akaziweka kando, akamwambia kwa upole, "Hizi tutafungia kuni." Kisha akamwonyesha tena, taratibu, ukucha unapoanzia.

Walirudi mjini bila picha hata moja. Walirudi na maneno: kuanika, kuchana, kunyunyiza, kusuka, kuunga, kupima, kushona. Usiku ule mtafiti aliyaandika kwa mpangilio, na mpiga picha akaikopi orodha hiyo ikawa orodha yake ya picha. Huwezi kupiga picha nzuri ya kitu usichojua jina lake, maana hujui kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Asiyejua kwamba kuna kuunga ataleta picha ya bibi anayetengeneza mkeka, basi. Anayejua atangoja chane ifike mwishoni. Hapo ndipo nilipouona mstari wa kwanza wa ubaoni ukifutika, ule uliokuwa kati ya mtafiti na mpiga picha. Kazi ya mmoja ilikuwa imeingia ndani ya kazi ya mwenzake, na hakuna aliyelalamika.

Mpiga picha alikuwa kijana mwepesi wa mkono. Siku ya kwanza ya kazi alimzunguka Bibi kama nyuki, chini, juu, ubavuni, mlangoni. Alileta dakika 50 za picha, na hapakuwa na kipande kilichotulia sekunde sita mfululizo. Mhariri aliketi naye jioni wakatazama pamoja. Hakumkosoa. Alikuwa akisimamisha picha na kusema, "Hapa nilitaka kumwona anamalizia, ukaondoka." Wakaendelea. "Na hapa." Wakaendelea. "Na hapa pia." Kijana aliinamisha kichwa, akaomba waanze tena kutoka mwanzo, safari hii akisema yeye mwenyewe.

Kesho yake aliifunga kamera kwenye stendi, akachagua pembe moja chini ya usawa wa mikono, akahesabu kimoyomoyo mpaka 30 kabla ya kugusa kitu. Nilimwona vidole vikimwasha. Kukaa ni ufundi, na ni ufundi mgumu kwa kijana mwenye kipaji, kwa kuwa kipaji hutaka kuonekana. Unachagua mahali, unapima mwanga, unafungua tundu la lenzi ili yaliyo nyuma ya mikono yafifie, kisha unaacha jambo litokee lenyewe. Mkono ukitoka kwenye fremu usiufuate. Umekwenda kuchukua chane, utarudi. Na ukirudi, mtazamaji ambaye alikuwa akiungoja ataufurahia kama mgeni wake.

Ndani ya nyumba walikutana na tatizo jingine. Palikuwa na taa ya tyubu, na picha zote zilikuwa na mistari ya giza inayopanda na kushuka kama pumzi. Umeme wetu hugeuka mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya namna ile hupepesa mara 100. Kamera ilikuwa imewekwa sawa kwa fremu 25 kila sekunde, lakini kasi ya shata haikulingana na mapigo ya taa. Aliyeligundua ni binti wa sauti. Alikuwa amekisoma kijitabu cha kamera usiku, kwa sababu tu alitaka kujua mwenzake anahangaika na nini. Wakaiweka shata kwenye sehemu moja ya 50 ya sekunde, na mistari ikatoweka.

Binti huyo anastahili aya zake mwenyewe, maana sauti ndiyo nusu ya filamu isiyosifiwa. Julai ni kusi. Upepo unatoka baharini, unapita minazini, unafika barazani ukiwa mwanana kwa ngozi na mkali kwa maiki. Mazungumzo ya kwanza na Bibi, ambayo mtafiti aliyaandaa kwa majuma matatu, yalirudi mjini yamefunikwa na mngurumo. Binti alikuwa amevaa visikizio muda wote. Alisikia. Hakusema, kwa sababu Bibi alikuwa akimzungumzia marehemu mumewe, na binti aliona haya kumkatiza mtu mzima katikati ya neno kama hilo.

Usiku ule ndipo nilipoliona kundi. Walisikiliza dakika tatu za kwanza, wakazima. Binti alisema, "Nilisikia tangu mwanzo." Kimya. Nilijiandaa kwa lawama, maana nimekaa katika vyumba vingi vya namna hiyo na najua huwa inaanzia wapi. Mtafiti ndiye aliyesema kwanza: "Nilikuona ukinitazama. Sikugeuka." Mpiga picha akasema maiki ile haikuwa na manyoya ya kuzuia upepo kwa kuwa yeye ndiye aliyeyaacha kwenye mkoba wa kamera. Mwongozaji akasema hawakuwa wamekubaliana ishara. Kila mmoja aliinua ncha yake ya kosa. Wakakubaliana kwamba tangu siku hiyo binti akiweka kiganja kifuani mwake, mtafiti atatafuta pumziko la heshima katika mazungumzo na kuomba chai, au maji, au ruhusa ya kuhamia ndani. Mkono kifuani. Ishara ya adabu, isiyomwaibisha mzungumzaji. Katika siku zote zilizofuata niliiona ikitumika mara mbili, na mara zote mbili iliokoa kazi.

Walipomwomba Bibi arudie habari za mumewe, alikataa. "Hilo nimeshalisema," alisema, na wao wakaheshimu. Filamu haina sehemu hiyo, na haitakuwa nayo. Wanafunzi walijifunza mapema jambo ambalo wengine hulijua wakiwa wazee: katika filamu ya hali halisi kuna vitu mtu hukupa mara moja tu, na ni juu yako kuwa tayari.

Kazi ya ukili ina sauti ndogo mno. Sauti ikisafiri hutawanyika, na ukiongeza umbali wake mara mbili, nguvu inayokufikia inashuka hadi robo. Kwa hiyo binti aliileta maiki mpaka shibiri moja kutoka vidoleni mwa Bibi, chini kidogo ya picha. Mpiga picha akaipandisha fremu yake upana wa kidole ili kumpisha. Mratibu akatoka nje. Alimwomba jirani asimamishe pampu ya maji kwa nusu saa, akawapeleka watoto kucheza mpira upande wa pili wa msikiti, akarudi kuzima jokofu la Bibi. Na baada ya kulizima akafanya jambo ambalo mafundi wa sauti hufanya sehemu nyingi duniani: alitia simu yake ndani ya jokofu. Mtu haondoki bila simu yake, kwa hiyo hataondoka bila kulifungua, na akilifungua atakumbuka kuliwasha. Samaki wa Bibi walikuwa salama mikononi mwa kijana yule.

Walipokwisha kurekodi, binti aliomba watu wote wanyamaze dakika nzima bila kusogea. Bibi akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa mnarekodi nini?"

"Kimya cha nyumba yako, Bibi."

Bibi alifikiri kidogo. "Kimya cha hapa kina kuku," akasema, kisha akafumba mdomo na kukaa wima, mikono juu ya ukili.

Alisema kweli. Kila mahali pana kimya chake. Cha Bibi kilikuwa na kuku, na upepo wa mbali, na kuti linalogusa bati. Mhariri akikata neno hapa na kuunga neno pale, anahitaji kimya hichohicho cha kujazia ufa. Akitia kimya cha nyumba nyingine, au utupu mtupu wa mashine, sikio la mtazamaji linashtuka hata kama hajui limeshtushwa na nini. Dakika ile moja binti hakuirekodi kwa ajili yake. Aliirekodi kwa ajili ya mwenzake ambaye angeihitaji baada ya majuma mawili, mbele ya kompyuta, mjini.

Mazungumzo ya pili yalifanyika ndani, mlango umerudishwa. Mtafiti alikuwa ameacha karatasi yake ya maswali. Alikuwa amejifunza jambo la kuuliza kisha kunyamaza, na zaidi ya hapo, kunyamaza baada ya jibu. Mtu akimaliza kujibu, kimya cha sekunde nne tano humwalika aongeze lile alilokuwa amelibakiza. Vijana wengi huogopa kimya hicho, wakakiziba na swali jingine. Yeye alitazama tu, akatikisa kichwa taratibu. Alimuuliza Bibi kwa nini ukili wake haufumuki hata ukiwa mkongwe. Bibi alisema ni kwa sababu ya kuunga vizuri. Kimya. Bibi akautazama ukili mapajani mwake, akaongeza: "Chane huipokei ikishakwisha. Ikishakwisha imekwisha, utapokea nini? Huipokea ingali na urefu, zikaenda pamoja kidogo. Hapo haifumuki."

Nilikuwa nimesimama kizingitini. Nilimwona mwongozaji akimtazama mhariri, na mhariri akimtazama binti wa sauti. Hawakusema kitu, lakini nadhani walikuwa wamepata jina la kile walichokuwa wakikifanya.

Saa tisa za picha zikaingia kwenye kompyuta, na nakala zake zikawekwa kwenye diski mbili zaidi, moja kwa mratibu na moja chuoni, kwa kuwa diski hufa bila kuaga. Mhariri alikuwa binti mtulivu anayependa orodha. Aliwataka wote sita wayaandike mazungumzo neno kwa neno, kila mmoja sehemu yake. Walinung'unika siku ya kwanza. Siku ya pili walikuwa wakikimbilia kusomeana, kwa sababu anayeandika maneno ya mtu kwa mkono wake huyasikia upya. Kisha wakakata karatasi, wakazitandaza sakafuni juu ya mkeka walioununua kwa Bibi, wakawa wanazihamisha: hili litangulie, hili lifuate, hili litoke.

Kutoa ndiko kugumu. Mpiga picha alikuwa na picha moja aliyoipenda kuliko zote, ya akina mama wakirudi kutoka kwenye mashamba ya mwani wakati maji yanajaa, jua likiwa chini na vivuli vyao vikiwa virefu juu ya mchanga. Ilikuwa nzuri kweli. Ilikaa katika filamu majuma mawili, na kila walipotazama, hadithi ya Bibi ilisimama hapo ikingoja picha nzuri ipite. Hakuna aliyemwambia aitoe. Siku moja alikuja mapema, akaomba kiti cha mhariri, akaitoa kwa mkono wake, akatazama mpaka mwisho. "Sasa inatembea," alisema.

Katika uhariri kuna namna moja ya mkato ninayoipenda sana. Sauti ya picha inayofuata huanza kusikika wakati picha ya sasa bado iko machoni. Unamwona Bibi barazani, na tayari unasikia maji yakichemka. Kisha ndipo sufuria ya rangi inapotokea. Sikio limeshafika, jicho linalifuata, na mtazamaji havuki ufa wowote. Nilikuwa nimepanga kuwafundisha mkato huo. Nilipoingia chumbani nikakuta mhariri ameshautumia mara tano. Nikamuuliza ameuona wapi. Akaniambia, "Si ndivyo Bibi alivyosema? Ipokee ingali na urefu."

Mwaka 1929 Dziga Vertov wa Umoja wa Kisovieti alitoa Man with a Movie Camera, filamu inayosomwa mpaka leo. Aliyeihariri ni mkewe, Elizaveta Svilova, na ndani ya filamu hiyo anaonekana mezani pake akichagua na kukata vipande. Wengi wanalijua jina la Vertov. Mikono ya Svilova iko katika kila kiungo cha filamu ile, na viungo vikiwa vizuri havionekani. Hiyo ndiyo heshima na upweke wa kazi ya mhariri, na ni hiyohiyo ya mrekodi sauti, ya mtafiti, ya mratibu aliyetia simu kwenye jokofu. Kazi yao ikifanikiwa, mtazamaji anamwona Bibi peke yake.

Walipomaliza walikwenda kumwonyesha Bibi kabla ya mtu mwingine yeyote. Walitundika shuka jeupe ukutani, wakaazima projekta, majirani wakaja. Bibi alitazama dakika zote 12 bila kugeuza shingo. Watu walipokwisha kupiga makofi alinyoosha kidole kwenye shuka lililokuwa tupu.

"Pale ninapounga," alisema, "mmenikata. Sikuwa nimemaliza."

Alikuwa na haki. Kipande kile katika toleo hilo kilikuwa cha sekunde tisa. Kilionyesha chane mpya ikichukuliwa, kikaruka kwenda kwingine. Mhariri alikuwa ameogopa kwamba watu wangechoka. Walirudi mjini na daladala ya jioni, na usiku uleule wakaifungua kazi. Sasa angalia walichokikuta. Picha ndefu ilikuwepo, kwa sababu mpiga picha alikuwa amejifunza kukaa. Alijua angoje nini, kwa sababu mtafiti alikuwa amempa neno kuunga. Mistari ya taa haikuwepo, kwa sababu binti wa sauti alisoma kijitabu kisichomhusu. Sauti ya chane ilikuwepo, kwa sababu maiki ilikuwa shibiri moja na fremu ilipisha. Pampu haikusikika, jokofu halikusikika. Kimya chenye kuku kilikuwepo cha kujazia. Mhariri alivuta ncha ya kipande, kikafunguka mpaka sekunde 40, na hakikuhitaji kitu kingine.

Ile mistari ya ubaoni, ya kati ya jina na jina, haikuwa imebaki hata mmoja. Na bado kila mtu alikuwa na kazi yake. Mhariri hakuwa mpiga picha, wala mtafiti hakuwa fundi wa sauti. Kilichokuwa kimebadilika ni mahali pa kukabidhiana. Mwanzoni kila mmoja alimaliza chake akakiweka mezani, mwenzake akaja kukiokota. Mwishoni kila mmoja alikuwa akianza kushika kabla mwenzake hajaachia, na kwa muda mfupi mikono yote miwili ilikuwa juu ya kitu kimoja. Huo muda mfupi ndio ushirikiano. Naamini hakuna mwingine.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Mnapowapa wanafunzi mradi kama huu, wapeni muda wa kwenda mara ya kwanza bila kamera. Wapeni maiki nzuri kabla ya lenzi nzuri. Na mnapotoa alama, msimuulize kijana peke yake amefanya nini; muulizeni amepokea nini, kwa nani, na amekabidhi nini. Majibu ya maswali hayo yatawaonyesha ufundi wake kuliko filamu yenyewe.

Na wewe msomaji, ukipata bahati ya kualikwa kwenye onyesho la wanafunzi, usiinuke majina yanapoanza kupanda kwenye skrini. Kaa uyasome. Katika filamu hii majina ni saba, na la kwanza ni la Bibi.